Ubovu usioandikwa ni deni kwa anayefuata

Dereva anayeteremka na lori la mboga kutoka Mgeta, katika milima ya Uluguru, hana cha kutegemea, baada ya Mwenyezi Mungu, isipokuwa breki zake. Barabara ina kona kali, na kabichi na karoti alizopakia zinasubiriwa sokoni Morogoro na Dar es Salaam. Akihisi breki zinalegea, humweleza fundi kwa mdomo. Fundi huzijaribu gereji, penye tambarare, akaziona nzima. Dereva hulalamika kwamba fundi hamsikilizi, na fundi hulalamika kwamba dereva hajui kueleza. Kesho yake lori lile lile hukabidhiwa dereva mwingine ambaye hakuambiwa neno.

Mvutano huu umo pia katika usafiri unaosifiwa kwa umakini kuliko wote, yaani wa ndege. Huko kila ndege ina kitabu chake cha ufundi. Rubani akiona hitilafu huiandika, fundi huandika alichokifanya na kutia saini, kisha rubani anayefuata hukisoma kabla ya kuruka. Kwa hiyo watu ambao huenda wasionane kamwe huzungumza kupitia ukurasa mmoja.

Hata hivyo, ukurasa huo huweza kuzua ugomvi. Rubani huandika kwa ufupi kwamba chombo fulani hakifanyi kazi vizuri, bila kutaja lini wala katika hali gani. Fundi hukipima ndege ikiwa imetulia ardhini, akajibu kwamba hakuona kasoro. Wapo marubani wanaosita kuandika wakichelea ndege itazuiwa mbali na nyumbani, na wapo mafundi wanaosukumwa na saa ya safari. Kila upande humwona mwenzake kuwa kikwazo.

Gharama ya ukurasa usiokamilika ilionekana Indonesia. Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta, baada ya kubadilishiwa kifaa kinachopima pembe ya ndege dhidi ya upepo. Kifaa kilichofungwa kilikuwa kimekosewa vipimo kwa nyuzi 21. Usukani wa nahodha ulitetemeka kutoa onyo, na pua ya ndege ikawa inasukumwa chini. Marubani walizima swichi za mtambo unaorekebisha mkia, wakafika salama. Nahodha aliandika kitabuni kwamba vipimo vya mwendo na kimo vilitofautiana. Hakuandika kwamba usukani ulitetemeka, wala kwamba walilazimika kuzima swichi zile. Mafundi walishughulikia kilichoandikwa, wakaipima ndege ardhini na kuiruhusu. Asubuhi ya tarehe 29 ilianguka baharini na watu wote 189 waliokuwamo wakafa.

Insafu inatutaka tuseme kwamba kosa halikuwa la kalamu peke yake. Wachunguzi walitaja sababu tisa, ikiwamo kasoro ya usanifu wa mfumo uliosukuma pua chini. Mfumo huo huo ulihusika tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilipoanguka na kuua watu 157, wakiwamo Wakenya 32. Lakini katika sababu zile tisa, taarifa pungufu ya kitabuni nayo ilihesabiwa.

Muislamu hapaswi kushangazwa na uzito wa kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana madeni. Inamwagiza mwandishi aandike kwa uadilifu, na inakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Mafunzo haya mawili huenda pamoja, kwani anayeadhibiwa kwa kuandika ukweli leo, kesho atanyamaza. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga nalo linazitaka nchi wanachama kuwa na mfumo wa kuripoti hitilafu na kuzilinda taarifa zinazotolewa kwa hiari.

Tuurudishe ujumbe huu Morogoro. Mwenye lori, basi au bodaboda anaweza kuanza na daftari la kawaida. Dereva aandike alichokisikia au kukihisi, mahali na wakati: je, ni mteremkoni, gari likiwa na mzigo, au baada ya mvua? Fundi aandike alichokifanya, na pia alichoshindwa kukipata. Akipata shaka, wapande gari wote wawili wakalijaribu pale lilipoonesha ubovu. Tajiri naye asimkate dereva posho ya siku kwa sababu amesema gari haliko sawa.

Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Baba akichelewa kwa kuwa amekataa kuteremka na breki mbovu, tusimpokee kwa lawama za hela iliyopotea. Abiria na dereva wa kesho ni amana mikononi mwake, hata kama hawajui majina yao.