DINA YA MELINI: USIMVALISHE MWANAO KWA AJILI YA MAJIRANI

Kuna wazazi wakipata mwaliko wa mnuso, wa kwanza kuteseka ni mtoto. Utamkuta binti wa miaka minne kapigwa gauni la satini lisilo na mikono, soksi za nailoni na kiatu cha kuchuchumia, huku meno yanagongana na makamasi yanatiririka. Mama mtu kajifunika shali, roho yake kwatu, anangoja kusifiwa. Sasa fikiria hiyo ni Julai, na ukumbi wenyewe uko Lugarawa! Wenyeji wa Ludewa mnanielewa. Mkoani Njombe baridi ya mwezi wa sita na wa saba haina masihara; kuna maeneo usiku umande unaganda juu ya majani.

Mpenzi msomaji, wiki hii tuongelee pamba za watoto wakati wa mlo wa jioni, hasa mlo wa safarini, melini. Najua kuna mtu ameshaguna: "Meli? Lugarawa?" Taratibu, ndugu yangu. Ludewa siyo milima tu. Ukishuka Milima ya Livingstone unatokea Ziwa Nyasa, kwenye bandari za Lupingu na Manda. Kwa miaka mingi MV Songea na MV Iringa zilipita mwambao huo zikitoka Itungi, Kyela, kwenda Mbamba Bay. Baadaye ikajengwa MV Mbeya II hapo hapo Itungi, yenye nafasi ya abiria 200. Ni safari ambayo mtoto anaweza kula chakula cha usiku majini na kulala huko huko.

Hebu kwanza tuchungulie kwa wenye nazo. Zile meli kubwa za watalii, zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa zikionekana kama ghorofa linaloelea, huwa na dina za aina mbili. Ya kwanza ni dina rasmi, ambayo huwa usiku mmoja au miwili katika safari ya wiki. Hapo baba anatinga suti, mama gauni refu, mtoto wa kiume suruali ya kitambaa na shati la kola, binti gauni la heshima. Kaptura ya kuogelea na kandambili mlangoni haziingii. Ya pili ni dina ya kawaida: shati safi, suruali au sketi, viatu vya kufunika, basi. Na asiyetaka kujibana na tai huenda kwenye ukumbi mwingine wa kujipakulia mwenyewe, anakula zake kwa raha.

Ukiwatazama wazazi waliozoea safari hizo, wengi hawamvalishi mtoto suti ya vipande vitatu. Wanajua mtoto hakai mezani saa mbili akisubiri sahani ya tatu. Wanamlisha mapema, wanampiga picha, halafu anaenda kucheza na wenzake. Nguo yake inachaguliwa kwa kazi hiyo.

Tena kuna kisa kizuri cha zamani. Zile suti za kibaharia za watoto, zenye kola pana ya bluu na mistari myeupe, ambazo hata kwetu huonekana kwenye maharusi, unajua zilivuma vipi? Mwaka 1846, Malkia Victoria wa Uingereza alisafiri na mwanawe, Albert Edward, ndani ya meli ya kifalme. Mtoto huyo, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward VII, alikuwa hajatimiza miaka mitano. Akashonewa nguo kama za mabaharia wa meli ile ile, kisha mchoraji Winterhalter akamchora nazo. Picha ikasambaa na mtindo ukashika dunia. Yaani mtoto wa malkia, mwenye uwezo wa kuvishwa dhahabu, alipendeza kwa nguo ya watu wa kazi, suruali pana na blauzi isiyobana. Nguo iliyofaa mahali ndiyo iliyotesa.

Turudi nyumbani. Mtoto akitoka Lugarawa kwenda ziwani anapita hali ya hewa mbili kwa siku moja. Asubuhi anaondoka na sweta zito na kofia ya sufu, akifika Lupingu anatoka jasho. Wazazi wengi hapo wanamvua kila kitu na kumwachia singlendi. Usiku meli ikishakata maji, upepo wa kusi unaingia, na kati ya Mei na Agosti upepo huo hauna huruma. Mtoto anaamka kifua kimebana.

Dawa ni kumvalisha nguo nyepesi nyepesi zinazopandana. Ndani fulana ya pamba, katikati shati la mikono mirefu au gauni la kitenge, juu sweta la kufungua mbele kwa vifungo. Joto likija unapunguza moja, baridi ikirudi unaongeza, na mtoto bado yuko nadhifu mezani. Sweta la sufu lina faida nyingine: hata likilowa kidogo bado linatunza joto, tofauti na pamba ambayo ikilowa inakuwa kama tambara la barafu mgongoni.

Halafu kuna suala ambalo wapenda sifa hawalifikirii, jaketi la kuokolea maisha. Nchi hii imeshalia vya kutosha: MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018. Jaketi la mtoto linatakiwa limkae sawasawa na mikanda ifungwe ibane. Sasa binti aliyevishwa gauni la malinda saba lenye waya kiunoni, jaketi utalifungia wapi? Ukiingia melini, gauni la namna hiyo likae begini mpaka mfike mnakokwenda. Na rangi nayo ina kazi yake. Bluu na kijani zinapotelea majini. Nyekundu, njano na rangi ya chungwa zinaonekana haraka, hata mtoto akipotea tu kwenye msongamano wa abiria. Kamba ndefu shingoni acha kabisa, zinanasa.

Je, dina rasmi ya kwetu? Hiyo ni sendofu, harusi, komunyo ya kwanza, na pengine siku ya kuagana na mgeni. Hapa mtoto apendeze, sikatai! Lakini jihadhari na moto. Baridi ya nyanda za juu inafanya jiko la mkaa liingizwe mpaka karibu na meza, na siku hizi mishumaa ndiyo urembo. Nailoni na satini nyingi za bei poa zikishika moto zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kitenge au kitambaa cha pamba hakiyeyuki, ingawa nacho kinawaka. Kwa hiyo mikono mipana inayoning'inia na pindo la kuburuza ni hatari kwa kitambaa chochote kile. Mtoto akae mbali na jiko.

Mfuko nao unahitaji huruma. Mtoto anakua kama mhindi. Mwambie fundi aache pindo la kutosha chini na kiunoni, utafungua mwakani. Kiatu kibakize nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kisizidi hapo akaanza kukiburuza. Mitumbani kuna vishati na makoti ya watoto bado mapya kabisa. Fua, piga pasi, badilisha vifungo, nani atajua? Sare ya familia nzima ni nzuri, ila ikikopewa hela ya ada, hiyo si sare tena, ni deni lenye vifungo.

Mwisho, kabla ya kutoka nyumbani mfanyie majaribio. Mwambie ainue mikono juu, achuchumae, akimbie mpaka mlangoni na arudi, kisha afungue mwenyewe suruali ya kwenda chooni. Akishindwa kimoja, nguo hiyo haifai, hata kama ilitoka ng'ambo. Begini weka seti moja ya akiba, maana usipa na mchuzi wake havimwogopi mtu aliyevaa nyeupe. Wakati wa kula mfunge kanga kifuani, hakuna atakayekucheka.

Watu watamsifia mtoto kwa dakika tano tu, halafu watarudi kwenye sahani zao. Atakayebaki ndani ya nguo ile mpaka usiku wa manane ni yeye. Basi ukiwa dukani umeshika hanga, muulize yeye kwanza. Hao majirani wasubiri picha.