Kifafa: Ugonjwa wa Bongo, Si Ulozi

Katekista mmoja wa upande wa Kamina alituuliza hivi: «Padri, mtoto anayeangukaanguka, nimwache katika mafundisho pamoja na wenzake, ao nimrudishe kwao? Wazazi wanaogopa povu lake.» Swali hili ni zito, maana jibu letu litamfanya mtoto abatizwe ao afichwe nyumbani.

Kwanza tujue kifafa ni nini. Bongo la mtu lina seli zaidi ya miliari 80, nazo zinapelekeana habari kwa nguvu ndogo za umeme. Mwaka 1924 munganga Hans Berger wa Ujerumani aliweza kuandika umeme huo kwa chombo. Kwa kawaida seli zinafanya kazi kwa zamu, kama kwenye stasioni yetu ya Kamina: gari-moshi moja linapita, lingine linangoja ishara. Siku ya kifafa seli nyingi zinatoa umeme mara moja, pasipo zamu. Basi mtu anaanguka, anatetemeka, anatoka povu. Povu hilo ni mate tu, halimwambukizi mtu.

Sababu ni nyingi: malaria iliyofika bongoni, uzazi wa shida, pigo la kichwa, minyoo ya nguruwe. Tena kuna sababu ya mito yetu. Kuanzia 1960, munganga Louise Jilek-Aall alitunza wenye kifafa huko Mahenge, Tanzania, akaona wengi mno katika nchi moja. Baadaye wachunguzi waliona vilevile huku kwetu Kongo, katika Ituri na Bas-Uele, pahali penye inzi wadogo wa maji ya mbio, wanaoleta upofu wa mtoni. Katika Kameruni watoto walipimwa kati ya 1991 na 1993. Habari zao zilipotangazwa mwaka 2018, ilionekana kwamba waliokuwa na vijidudu vingi vya ugonjwa huo ndio walioshikwa zaidi na kifafa. Namna vijidudu vinavyoharibu bongo ingali inachunguzwa. Lakini dawa ya ivermektini inavipunguza. Katekista anayetangaza siku ya kuigawa analinda bongo za watoto.

Mtu atasema: «Je, Injili haisemi pepo?» Tusome vizuri Marko 9. Yesu alimwuliza baba: tangu lini? Kisha akamshika mtoto mkono, akamwinua. Hakumfukuza. Nalo Kanisa linatuagiza kuhakikisha, mbele ya kufukuza pepo, kwamba si ugonjwa. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni 984, ilizuia wenye kifafa wasipewe daraja takatifu. Ile ya 1983 haitaji tena kifafa. Ikiwa Kanisa limeondoa neno hilo mlangoni pa altare, sisi tutaliwekaje mlangoni pa mafundisho?

Mgonjwa akianguka, tufanye hivi: tumwondoe karibu na moto na maji; tuweke kitu laini chini ya kichwa; tumlaze kwa ubavu. Tusimfunge, tusitie kijiko wala kitu chochote kinywani. Ikipita dakika 5, ao akianguka tena mbele ya kuamka, apelekwe hospitali upesi.

Dawa zipo. Fenobarbitali inatumika tangu 1912, nayo ni ya bei ndogo. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba wagonjwa 70 katika 100 wangeweza kuishi pasipo kuanguka, kama wangetunzwa vema. Lakini dawa inanywewa kila siku, na kuiacha gafula ni hatari kubwa. Kwa hiyo tusimwambie mtu kamwe: «Tumekuombea, tupa dawa.» Tumwambie: «Tunakuombea, kunywa dawa yako.»

Basi, katekista wetu, jibu ni hili: mtoto akae. Akae mbele, karibu nawe, mbali na moto. Nao wenzake, wakikuona humwogopi, hawatamwogopa.