Kazi imekwisha au bado? Ugomvi unaotafuna fedha za programu za kompyuta

WAFANYABIASHARA wengi wanaoagiza programu za kompyuta kwa ajili ya maduka, maghala na ofisi zao hukutana na gharama moja ambayo haimo kwenye ankara. Mtaalamu anasema kazi imekwisha na anataka alipwe. Mwenye duka anaifungua, anabonyeza hapa na pale, anasema bado. Kila mmoja anaamini kuwa ndiye mkweli, na mara nyingi wote wawili ni wakweli, kwa sababu hakuna aliyeandika mapema kuwa "kwisha" maana yake ni nini.

Ugomvi huu si mgeni kwa mtu yeyote aliyewahi kujenga. Fundi anasema mlango umekwisha, umebaki vanishi na kitasa tu. Tofauti ni kwamba mlango usio na kitasa unaonekana kwa macho. Programu isiyokwisha inaweza kung'ara kwenye skrini na kufanya kila kitu isipokuwa kile kilicholipiwa.

FBI na fomu za kuchapisha

Mfano mkubwa na uliokaguliwa vizuri unatoka Marekani. Shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, lilikuwa limekwishatupa mradi mmoja wa kompyuta mwaka 2005 baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Machi 2006 likatoa zabuni nyingine kwa kampuni ya Lockheed Martin ili itengeneze mfumo wa kutunza majalada ya kesi bila makaratasi, mfumo ulioitwa Sentinel. Kazi iligawanywa katika awamu nne. Bajeti ilifika dola milioni 451.

Desemba 2009 ikaletwa sehemu ya mwisho ya awamu ya pili. Ilikuwa na kasoro kubwa na watumiaji walioijaribu hawakuifurahia. Hata hivyo, FBI iliipokea kwa masharti, yaani imepokelewa lakini kuna mambo ya kurekebisha. Miezi mitatu baadaye, Machi 2010, shirika hilo hilo likatoa amri ya kusimamisha sehemu ya kazi zilizofuata, na awamu iliyokuwa imehesabiwa kuwa imeingia kwenye matunzo ikarudishwa kwenye matengenezo. Julai mwaka huo kazi yote iliyobaki ilisimamishwa.

Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alipotoa taarifa yake Oktoba 2010, hesabu ilikuwa hivi: hadi Agosti, dola milioni 405 kati ya 451 zilikuwa zimetumika, na awamu mbili tu kati ya nne ndizo zilizokuwa zimekabidhiwa. Kati ya fomu 18 zilizokusudiwa, mfumo uliweza kushughulikia nne. Hata hizo nne maofisa walilazimika kuzichapisha ili zitiwe saini, kisha waweke nakala za karatasi kwenye majalada. Mfumo wa kuondoa karatasi ulikuwa unazalisha karatasi.

Je, fomu hizo nne zilikuwa zimekwisha? Kwa mtengenezaji anayeangalia skrini, fomu inafunguka, inajazwa, inahifadhiwa. Kwa ofisa anayetaka saini ya mkubwa wake, kazi haijaanza.

Septemba 2010 FBI iliamua kuichukua kazi hiyo mikononi mwake na kubadili mtindo. Ikaingia kwenye utaratibu unaojulikana kama ajaili.

Vipande vya wiki mbili

Ajaili ni jina la jumla la njia za kufanya kazi kwa vipande vifupi badala ya kungoja mwisho wa mkataba. Jina hilo lilikubaliwa na watu 17 waliokutana Snowbird katika jimbo la Utah, Februari 2001. Njia inayotumika zaidi kati ya hizo ni skramu, iliyoasisiwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland katika miaka ya 1990. Mwongozo wao wa mwaka 2020 unataka timu ndogo, kwa kawaida watu wasiozidi kumi, ifanye kazi kwa mizunguko isiyozidi mwezi mmoja. Sentinel ilitumia mizunguko ya wiki mbili.

Kila mzunguko huanza kwa kuchagua kazi kutoka kwenye orodha kuu na huishia kwa kuonyesha kilichofanyika. Lakini kinachohusu ugomvi wa "imekwisha, haijakwisha" ni kitu kimoja tu: kila timu inatakiwa kuwa na kipimo cha kwisha, kinachojulikana na kila mtu na kinachohusu kila kipande cha kazi bila upendeleo. Kwa mfano, timu inaweza kukubaliana kuwa hakuna kipande kitakachoitwa kimekwisha mpaka kiwe kimejaribiwa na mtu mwingine asiye mtengenezaji, kimeunganishwa na mfumo mzima, na maelezo yake kwa mtumiaji yameandikwa.

Kipimo hicho hakina robo wala nusu. Kazi isiyokifikia haitolewi kwa mteja na wala haionyeshwi kwenye kikao cha mwisho wa mzunguko. Inarudi kwenye orodha kuu. Hakuna "asilimia 90", maneno ambayo katika biashara ya programu yamewapoteza watu wengi kuliko bei za juu. Kile ambacho FBI iliita kupokea kwa masharti Desemba 2009, katika utaratibu huu hakina mahali pa kukaa.

Ugomvi ni wa aina mbili

Walio wengi huchanganya mambo mawili hapa, na ndipo vikao vinapokuwa virefu.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo aliyeagiza programu ya mauzo. Kipande cha wiki hizi mbili ni kutoa risiti. Siku ya kuonyeshwa, umeme unakatika na kurudi, na programu inaandika mauzo yale yale mara mbili. Mtengenezaji anasema hilo ni tatizo la umeme. Ikiwa kipimo cha timu kinasema kila kipande kijaribiwe kwa kukata umeme katikati ya kazi, hapana mjadala: haijakwisha, na mtengenezaji ndiye anayebeba gharama. Ikiwa kipimo hakisemi hivyo, mwenye duka amejifunza kitu, na kipimo kiongezwe kabla ya mzunguko unaofuata.

Sasa chukua hali nyingine. Risiti inatoka vizuri, umeme ukikatika haileti shida, lakini mwenye duka akiiona anasema alitaka jina la mteja liwe juu na deni lake la zamani lionekane chini. Hakuna aliyeliandika. Hapa kazi imekwisha, na alichokiomba ni kazi mpya. Inaingia kwenye orodha kuu ikiwa na bei yake, na mwenye bidhaa, yaani yule mmoja aliyepewa mamlaka na mnunuzi, ndiye anayeamua ikae ya kwanza au ya mwisho.

Ugomvi wa kwanza ni wa ubora na unaamuliwa na maandishi. Wa pili ni wa mahitaji na unaamuliwa na mwenye bidhaa. Mteja anayeuita wa pili kuwa wa kwanza anataka kazi ya bure. Mtengenezaji anayeuita wa kwanza kuwa wa pili anataka kulipwa mara mbili. Mazoea yanaonyesha kuwa pande zote mbili hufanya hivyo bila hata kuwa na nia mbaya, hasa kazi inapochelewa.

Ndiyo maana, mbali na kipimo cha jumla, kila kipande kinahitaji masharti yake mafupi kabla hakijaanza: mistari mitatu au minne, kwa lugha ya dukani, kwamba karani akifanya hivi, mashine ifanye vile. Masharti hayo yaandikwe na mtu atakayetumia mfumo, si meneja anayeupita kila Ijumaa.

Kipo pia kisa cha mvutano ndani ya timu yenyewe, kati ya anayeandika programu na anayeijaribu. Huo ni mwepisi. Mwongozo wa skramu hauwapi vyeo tofauti: wote wanawajibika kwa kipimo kile kile, na ikiwa timu mbili zinatengeneza bidhaa moja, lazima ziwe na kipimo kimoja.

Dawa yenyewe haiponyi kila kitu

Isidhaniwe kuwa FBI ilibadili jina la utaratibu na mambo yakanyooka. Oktoba 2011 shirika hilo liliwaita mamia ya wafanyakazi wake waujaribu mfumo mpya kwa saa chache kwa wakati mmoja. Mfumo ukazimika mara mbili, kwa sababu mitambo ya zamani haikuweza kubeba watu wote hao. Vipande vilikuwa vinapita wiki baada ya wiki, lakini uzito wa watumiaji wengi kwa pamoja ulijulikana mwishoni. Kipimo cha kwisha kinakamata kile tu kilichoandikwa ndani yake.

Tarehe ya kukabidhi ilisogezwa, na Sentinel ikaanza kutumika katika shirika zima Julai 1, 2012. Ilichelewa, lakini safari hii hakukuwa na fomu ya kuchapishwa ili isainiwe kisha ihesabiwe kuwa imekwisha.

Mizania nayo ina lugha yake

Kwa mwekezaji mdogo mwenye hisa katika benki au kampuni inayobadili mfumo wake wa kompyuta, ugomvi huu si wa mafundi peke yao. Unaingia kwenye hesabu, na huingia kwa njia ambayo wengi hawaitazamii.

Upande wa muuzaji, kanuni ya kimataifa ya hesabu namba 15, iliyoanza kutumika Januari 1, 2018, inataka mapato yaandikwe pale mnunuzi anapopata mamlaka juu ya kile alichonunua. Kama mkataba unadai mnunuzi aikubali kazi kwa kipimo ambacho hakiwezi kuthibitishwa na mtu mwingine, muuzaji hawezi kuandika mapato kabla ya kukubaliwa. Kama kipimo ni cha wazi na muuzaji anaweza kuonyesha kuwa amekifikia, saini ya mnunuzi inakuwa ni utaratibu tu. Kwa maneno mengine, kampuni ya programu yenye vipimo vya kwisha vilivyoandikwa vizuri huandika mapato yake mapema na bila wasiwasi wa mkaguzi.

Upande wa mnunuzi kuna kishawishi cha kinyume. Kwa kanuni namba 38, gharama ya mfumo hugawanywa na kuanza kukatwa kwenye faida pale mfumo unapokuwa tayari kutumika. Mradi ukiitwa "bado", makato hayaanzi, na faida ya mwaka inaonekana nono. Hivyo muuzaji ana sababu ya kusema imekwisha, na mnunuzi ana sababu ya kusema haijakwisha, hata kama makarani wake wanautumia mfumo huo tangu asubuhi hadi jioni.

Waliotunga kanuni walilifikiria hilo. Kanuni namba 36 inataka mali isiyoshikika ambayo bado haijawa tayari kutumika ipimwe thamani yake kila mwaka, iwe kuna dalili ya kushuka au hakuna. Mwenye hisa anaweza kutafuta mstari huo katika maelezo yaliyo nyuma ya mizania. Mfumo ukikaa chini ya "kazi inayoendelea" mwaka wa kwanza, ni kawaida. Ukikaa mwaka wa tatu huku kiasi kikizidi kupanda, swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu ni fupi: ni vipande vingapi vimekwisha, kwa kipimo gani, na nani aliyesaini.