Unavyolipa ndivyo vibarua watakavyofanya kazi: ngwe, bomba, tenga na gunia

Msimu huu simu nyingi ninazopokea siyo za kantangaze wala ukungu. Ni za vibarua. "Afisa, watu wa huku wavivu." "Wamepalilia nusu, saa 4 wameondoka." "Nimetuma hela, simu wamezima." Basi leo tuongelee kazi yenyewe inavyofanyika shambani, maana palizi ikichelewa kwenye vitunguu, mbolea utakayoongeza baadaye haikurudishii mavuno uliyopoteza.

Tuanze na muda. Ukipita Ilula au Ruaha Mbuyuni msimu wa nyanya na vitunguu, saa 12 asubuhi watu wameshainama shambani. Saa 4 au 5 wengine wanatoka. Wewe uliyefika na gari kutoka mjini saa 4 unachokiona ni mgongo wa mtu anaondoka. Lakini uliyempa ngwe hujanunua saa zake, umenunua ngwe. Akiimaliza, amemaliza. Na mara nyingi haendi kulala, anaenda kwenye kashamba kake au kuchukua ngwe ya pili kwa mwingine. Kibarua wa kwetu naye ni mkulima. Ndiyo maana mvua za kwanza zikidondoka unamkosa: anapanda kwake kwanza, kama unavyotaka kupanda wewe. Anayelijua hili anaongea na watu wake wiki mbili kabla ya mvua, hasubiri magugu yafike gotini ndo aanze kupiga simu.

Sasa kipimo. Wote tunasema ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Hesabu hiyo inakubali kama hatua yako ni sentimita 91 hivi. Bosi mwenye miguu mirefu akikanyaga mita nzima kila hatua, anapata mita za mraba 4,900 wakati ekari ni 4,047. Hapo vibarua wamelimishwa zaidi ya mita 850 za bure, na wanajua, sema hawakwambii. Wanalipiza kwenye kina cha jembe. Nunua kamba, ipime kwa futi kamba, pimeni pamoja asubuhi kabla ya mtu kuinama. Ugomvi mwingi wa jioni unaishia hapo.

Lingine ambalo vijana wengi hawaliangalii: kila namna ya kulipa inamfundisha mtu namna ya kufanya kazi. Kulima kwa ngwe hakuna shida, utaona kwa macho kama jembe limeingia. Palizi ya vitunguu kwa ngwe ni hatari. Mtu anakimbizana na ngwe, kwa hiyo magugu anayafunika na udongo badala ya kuyang'oa, na baada ya siku chache yamerudi, umelipa mara mbili. Kupandikiza miche ya nyanya ni hivyo hivyo, mizizi inakunjwa kwenye shimo ili mstari uishe. Kazi za mkono mwepesi lipa kwa siku, uwepo mwenyewe au mtu unayemwamini.

Kwenye dawa ndo balaa zaidi. Wengi tunalipa kwa bomba. Fikiria kidogo: mtu analipwa bomba likiisha, wewe ungefanyaje? Linaisha haraka, majani yanatiririka, dawa inaingia ardhini, na kesho wadudu wapo. Na huyo mtu ameivuta hewa hiyo tangu asubuhi bila barakoa, kwa sababu ukimvalisha anachelewa na akichelewa anapata kidogo. Jaza maji matupu, mpulizie kipande mlichokipima kwa mwendo wa kawaida, mjue ekari inakula mabomba mangapi. Halafu lipa kwa ekari, na vifaa vya kujikinga vitoke kwako.

Kuvuna nyanya kwa tenga kunakuletea mbichi, mbivu na zilizopasuka ndani ya tenga moja. Patana kwamba tenga linalohesabiwa ni lililochambuliwa, na ongeza bei kidogo kwa sababu kuchambua nako ni kazi.

Gunia la vitunguu nalo lina mambo. Kila siku tunamlalamikia mnunuzi wa lumbesa, na kweli sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100. Lakini nimeona mkulima huyo huyo akiwalipa vibarua kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa. Aisee!

Pesa. Mkulima wa simu anamtumia kiongozi wa kikundi hela ya watu kumi, kiongozi anakata yake bila kusema, wengine wanaambiwa "bosi hajatuma". Siku ya pili hawaji na wewe unasema wavivu. Mtumie kila mtu kwenye namba yake, na uweke ya kutolea. Mliyekubaliana naye 8,000 akatoa 7,000 na kitu, kwake umempunja. Kiongozi mlipe kivyake, tena wazi, kazi ya kukusanya watu ni kazi.

Na wale wa siku nzima, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 1 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi, hata kama kaja na mama yake na anajua kung'oa magugu.

Neno kibarua limetokana na barua. Zamani huko pwani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kazi yake ili alipwe. Leo wengi wetu tunaweka kumbukumbu kichwani. Nunua daftari. Andika jina, kazi, kipimo, bei na siku ya malipo, umsomee, aweke sahihi au dole gumba, na yeye apige picha ukurasa huo kwa simu yake. Asiye na simu, mnakilie kwenye karatasi aondoke nayo.