Mbona Mwenzio Hasahau?

Kama unakaa Kihesa au kokote Iringa, barabara ya kwenda Mbeya unaijua vizuri, na ajali zake pia. Tarehe 11 Machi 2015, eneo la Changarawe kule Mafinga, basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori, kontena likaliangukia. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha.

Waliokufa tuliwalilia. Je, wanaonusurika katika ajali kama ile? Vidonda vinapona, halafu usiku mtu anaruka kitandani, jasho linamtoka. Safari ya basi hataki hata kuisikia. Mwenzi wake naye anachoka: “Si ulipona jamani? Sahau basi!”

Ndugu yangu, kusahau hakuko mikononi mwake.

Homoni zinavyogonga muhuri

Mtu akikabiliana na kifo, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Ndani ya ubongo inamwagika ndugu yake, noradrenalini, na dakika chache baadaye inafuata kotisoli. Kwa pamoja huichochea amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hofu, na tukio linahifadhiwa kwa nguvu. Huo ni ulinzi: aliyekoswakoswa na simba anatakiwa akikumbuke kile kichaka.

Mwaka 1994, Larry Cahill na James McGaugh wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwaonyesha watu picha zenye hadithi ya mtoto aliyegongwa na gari. Wiki moja baadaye, waliomeza kidonge kisicho na dawa waliikumbuka zaidi sehemu ile ya kutisha. Waliomeza propranolol, dawa ya presha inayozuia kazi ya adrenalini, hawakuonyesha tofauti hiyo.

King'ora kisichozimika

Kwa wengi, kumbukumbu hupoa taratibu. Kwa baadhi haipoi, na hali hiyo ikizidi mwezi mmoja wataalamu huiita PTSD. Maelezo ya wengi wao ni haya: hofu ikizidi, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayolipa tukio mahali na tarehe yake, inazidiwa. Hivyo harufu ya dizeli au mlio wa breki unatosha kumrudisha mtu kwenye ajali kana kwamba inatokea sasa hivi. Adrenalini inamwagika tena, na hofu inapata nguvu mpya.

Ungedhani kotisoli yao iko juu mno. Cha ajabu, tafiti kadhaa, zikiwemo za Rachel Yehuda wa New York, ziliikuta iko chini. Kwa kuwa kotisoli husaidia kuutuliza mwili baada ya hatari, huenda ndiyo maana king'ora hakizimiki.

Ufanye nini?

Kwanza, acha kumwambia “sahau”, na wala usimlazimishe asimulie. Mwambie, “Nipo, ukiwa tayari nitakusikiliza.” Akishtuka usiku, mtajie kwa upole alipo: nyumbani, kitandani, salama.

Pili, ulanzi si dawa. Unaweza kumpa usingizi, lakini pombe huharibu usingizi huohuo na kuongeza tatizo jingine.

Tatu, msikimbilie duka la dawa kununua propranolol. Ni hatari kwa wenye pumu, na majaribio ya kuzuia PTSD kwa dawa hiyo yametoa majibu yanayopingana.

Kinachosaidia zaidi ni kuikabili kumbukumbu ukiwa salama, pamoja na mtu aliyefunzwa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Wanyarwanda na Wasomali walisimulia maisha yao kwa mpangilio, tukio baya likiwekwa mahali pake, wakisikilizwa na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha dalili zao zilipungua kuliko za wale ambao hawakupata huduma hiyo.

Basi msiogope neno “akili”. Kumwona daktari hakumaanishi kupelekwa Mirembe. Anzeni na hospitali iliyo karibu, na ikiwezekana nendeni wawili. Kumbukumbu yenyewe haitafutika, ila inaweza kujifunza kukaa jana, nanyi mkaipata leo yenu.