Gari la Mashindano Katika Njia ya Watu Wote

Barabara kuu itokayo Kigali hadi Gisenyi, mji ulio katika Wilaya ya Rubavu, ina urefu wa kilomita zipatazo 155. Hupita Musanze chini ya volkano za Virunga, hukwea hadi nyanda za Mukamira zilizo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka kwa kona nyingi mpaka ufukoni mwa Ziwa Kivu, penye mita zipatazo 1,460.

Njia hiyo ni ya watu wote. Malori ya bia itokayo kiwanda cha Bralirwa, kilichoasisiwa Gisenyi mwaka 1957, hupanda hapo polepole yakinguruma. Mabasi ya abiria hupita, na baiskeli zilizopakizwa magunia ya viazi hushuka. Akina mama watokao sokoni na watoto watokao shuleni hutembea ukingoni mwa lami, mchana na hata baada ya jua kutua.

Siku hizi katika miji ya Afrika Mashariki huonekana magari ambayo hayakuzaliwa kwa ajili ya njia ya namna hiyo. Mengine ni Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, ambayo asili yake ni mashindano ya magari, na mengine hufika Rwanda yakiwa na namba ubavuni kushiriki Mountain Gorilla Rally. Wenye fedha nyingi zaidi hununua magari yaliyokusudiwa hasa uwanja wa mashindano, lakini yakaruhusiwa na sheria kutembea barabarani.

Tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa askari wa jeshi na polisi. Askari wengi ni madereva, na wengine wana tamaa halali ya kumiliki gari lenye nguvu. Aidha, ajali itokeapo mtu wa kwanza kuitwa ni askari. Je, gari la mashindano laweza kuishi kwa amani katika barabara ya kila siku, na katika safari ndefu?

GARI LENYEWE

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana duniani, Porsche 911 GT3 RS iliyotolewa mwaka 2022. Injini yake ya lita 4 ina nguvu za farasi 525, na uzito wa gari zima ni kilo 1,450 hivi. Kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa hutumia sekunde 3.2. Mgongoni lina bawa kubwa, na waliolitengeneza wanasema kwamba likienda kilomita 285 kwa saa upepo hulikandamiza chini kwa uzito wa kilo 860, ili lisiteleze katika kona.

Hizo ni sifa za ajabu, lakini kila sifa ina bei yake. Mwendo upunguapo kwa nusu, nguvu ya upepo hubaki robo tu. Kwa hiyo katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mabasi na malori ya Rwanda tangu yalipoamriwa kufungwa vidhibiti mwendo mwaka 2015, bawa lile halina kazi kubwa kuliko pambo. Mwenye gari amelipia kitu ambacho hawezi kukitumia bila ya kuvunja sheria.

Tairi nazo zina masharti yake. Tairi za uwanja wa mashindano hutengenezwa kwa mpira laini unaoshika lami vizuri ukisha kupata joto, na mifereji yake huwa michache na si ya kina. Alfajiri ya Mukamira ni baridi, na mvua za Machi hadi Mei ni nyingi. Tairi baridi juu ya maji haishiki. Gari huelea kama ngalawa, na usukani hauna neno la kuliambia. Hapo dereva wa gari la thamani kubwa huweza kushindwa na dereva wa gari dogo la kawaida lenye tairi za mvua.

Pedi za breki za mashindano nazo huhitaji joto ndipo zifanye kazi barabara. Uwanjani joto hilo hupatikana baada ya kona chache, ambapo barabarani breki ya kwanza ya asubuhi huweza kuhitajika ghafula mbele ya mtoto.

Iko pia habari ya hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda juu. Hivyo gari linalosifiwa kwa farasi 525 huko pwani, likifika Mukamira limekwisha kupoteza karibu moja ya tano. Milima haitazami jina la kiwanda.

NJIA YA GISENYI

Katika barabara ya kila siku adui mkubwa wa gari la mashindano ni kimo chake. Gari la namna hiyo huwekwa karibu sana na ardhi, na mdomo wake wa mbele hutangulia tairi. Kila tuta la kupunguzia mwendo, kila mfereji unaokatiza lango la nyumba, huwa ni mtihani. Baadhi ya magari hayo yamewekewa mtambo wa kuinua pua kwa kubonyeza kitufe, lakini dereva lazima alione tuta mapema, na usiku wa mvua haonekani hata mwenda kwa miguu.

Rubavu ina mitihani yake yenyewe. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei, 2021, mitetemeko iliyofuata ilipasua ardhi, majumba na barabara mjini Gisenyi. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 katika nchi, na mto Sebeya ulifurika na kufanya uharibifu mkubwa Rubavu. Mtu anayeishi katika ardhi ya namna hii hana budi kuwa na gari linalovumilia ufa, tope na jiwe lililoanguka usiku.

Lingine ni upande wa usukani. Rwanda hufuata mkono wa kulia wa barabara, hali Uganda, Kenya na Tanzania hufuata mkono wa kushoto. Magari mengi ya kasi yatokayo Japani yana usukani upande wa kulia. Dereva wa gari kama hilo akiwa nyuma ya lori katika mpando wa Mukamira hawezi kuona mbele mpaka atoe karibu gari zima katikati ya njia. Nguvu za injini humshawishi ajaribu. Macho yake hayamsaidii. Hapa ndipo tamaa na upofu hukutana.

USHAHIDI WA SAFARI

Wako watakaosema kwamba gari lenye nguvu ndilo lifaalo kwa safari ndefu. Mashindano ya Safari yametupa jibu la miaka mingi. Yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo kadhaa yalifanyika katika njia zisizofungwa, zenye ng'ombe, mabasi na wenda kwa miguu. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza mbio, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, katika Peugeot 404, gari la kuchukulia jamaa na mizigo.

Italia ilileta Lancia Stratos, gari fupi la watu wawili lililobuniwa hasa kwa mashindano. Liliipa Lancia ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976. Lakini Safari halikuishinda kamwe. Mwaka 1975 lilishika nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson, na mwaka 1978 Peugeot 504 ikashinda tena mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas.

Porsche walipokuja na 911 mwaka huo wa 1978, waliliinua gari lao hadi sentimita 28 kutoka ardhini na kuliimarisha chini. Vic Preston Mdogo wa Kenya alimaliza wa pili. Fundisho ni wazi: ili gari la mashindano lisafiri mbali katika njia zetu, ilibidi kwanza liache kuwa gari la uwanjani.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Iliporudi mwaka 2021, mbio zilifanyika katika sehemu zilizofungwa. Kati ya sehemu moja na nyingine magari yale yale hupita barabara za umma yakiwa na bima na namba za usajili, na madereva wake, mabingwa wa dunia, hutakiwa kufuata alama za njiani kama dereva wa teksi. Bingwa aliyetoka kushindana dakika tano zilizopita husubiri nyuma ya lori la ndizi. Huyo ndiye anayejua kuishi na gari la mashindano.

TABU ZA SAFARI NDEFU

Katika safari ya masaa mengi springi ngumu huuchosha mgongo, na kiti chembamba kinachoubana mwili katika kona huubana vile vile katika njia iliyonyooka. Vitu vya kuzuia kelele vimeondolewa ili kupunguza uzito, kwa hiyo masikio hupokea mlio wa injini, tairi na kokoto. Mizigo haina mahali: katika 911 GT3 RS tuliyoitaja, nafasi ya mbele ambayo ingekuwa buti imechukuliwa na rejeta.

Mafuta nayo ni tatizo. Injini hizi hutaka petroli ya daraja la juu, ambayo haipatikani katika kila kituo cha njiani. Na tairi likipasuka mbali na mji, ukubwa wake si wa kawaida, na mara nyingi gari halina tairi la akiba. Uchovu wa dereva ni hatari iliyo kubwa kuliko hasara zote hizo, kwani dereva aliyechoka katika gari la polepole hupewa nafasi ya kujisahihisha, na katika gari la kasi hapewi.

ASKARI NA MWENDO

Polisi wa Italia walipewa Lamborghini Gallardo mwaka 2004. Magari ya namna hiyo yamefanya kazi njema: Novemba 2020 Lamborghini ya polisi ilichukua figo ya kupandikizwa kutoka Padova hadi Roma, umbali wa kilomita karibu 490, kwa muda wa saa mbili hivi, katika barabara kuu isiyopitwa na baiskeli wala wenda kwa miguu. Lakini mwaka 2009, mjini Cremona, Gallardo ya polisi hao hao iligonga magari yaliyoegeshwa baada ya gari jingine kuingia njiani kutoka kituo cha mafuta. Madereva walikuwa wamefundishwa vizuri. Kilichobadilika ni njia na watu waliokuwamo.

Hesabu ya jambo hili ni rahisi, na kila askari wa usalama barabarani anafaa kuiweka kichwani. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita mita 17 kwa sekunde moja, kabla mguu haujagusa breki. Katika lami kavu huhitaji mita 20 hivi nyingine kusimama. Likienda kilomita 120, sekunde ile ya kwanza humeza mita 33, na breki huhitaji mita 80. Breki bora hupunguza kidogo hesabu ya pili. Ile ya kwanza ni ya ubongo wa mwanadamu, na hakuna kiwanda kinachouza ubongo mwepesi zaidi.

Kwa hiyo askari anayelisimamisha gari la namna hii asishangae tu uzuri wake. Atazame mifereji ya tairi, hasa wakati wa mvua. Atazame kama taa na namba zinaonekana. Asishawishike kulifukuza kwa gari lisilo na uwezo huo, maana kamera za mwendo, ambazo wananchi wa Rwanda wamezipachika jina la Sofia, huandika namba bila ya kumhatarisha mtu, na redio hufika mbele kabla ya gari lolote. Na askari anayelimiliki mwenyewe akumbuke kwamba raia wanamtazama kuliko dereva mwingine.

Hatusemi kwamba mchezo wa magari ni mbaya. Tarehe 13 Desemba, 2024, Rais Paul Kagame alitangaza mjini Kigali kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya Formula One, na vijana wengi walifurahi. Furaha hiyo ina haki yake, mradi ipelekwe mahali palipofungwa, penye madaktari na wasimamizi, ambapo anayeshindwa hudhuru nafsi yake na si mwenda kwa miguu.

Askari anaifahamu hali hii kuliko raia. Bunduki yake ina uwezo wa kuua kwa mbali, naye hupita sokoni akiwa nayo begani, haikukokiwa, na hakuna anayemdhania kuwa dhaifu kwa sababu hiyo. Gari la mashindano litaishi salama kati ya Musanze na Gisenyi siku lile bega litakapokutana na ule mguu ulio juu ya kibonyezo cha mafuta, vyote viwili vikitii amri moja. Mwenda pole hajikwai, hata akiwa na farasi 525 chini yake.