UZI: Wanasiasa wanabishana kuhusu nyumba, fresha bado analala kwa rafiki. Shida iko wapi?

Kila msimu wa kuripoti chuo, magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wapya hujaa swali moja: "Nani anajua keja ya bei poa karibu na geti?" Huku kwenye TV watu wazima wanarushiana maneno juu ya ushuru wa nyumba. Leo tuunganishe hayo mawili. Kama kawaida hapa hatutaji mtu wala chama, tunaangalia hoja tu.

Tuanze na jambo ambalo kila komredi anajua: hosteli za vyuo vya umma hazitutoshi. Kwa hivyo mitaa mizima imeota kando ya vyuo. Juja na Gachororo kwa watu wa JKUAT, Kahawa Wendani kwa wa Kenyatta, Njokerio kwa wa Egerton, Kefinco kwa wa Masinde Muliro. Huko mwenye ploti ndiye serikali, na keateka ndiye waziri wake.

Mimi mwaka wa kwanza nilipata bedsita ya 6,000. Nilifika na 10,000 nikijiona niko sawa kabisa. Keateka akanihesabia: kodi 6,000, dipoziti 6,000, dipoziti ya maji na stima 1,500. Jumla 13,500, na bado sijanunua godoro. Nikampigia mamangu, akauza mbuzi. Hakuna karatasi niliyotia sahihi, risiti yangu ilikuwa meseji ya M-Pesa. Nilipohama mwaka uliofuata nikaambiwa dipoziti "imeenda kwa rangi". Rangi gani, na kuta zilikuwa na michoro ya mtu aliyeishi humo kabla yangu?

Sasa turudi kwa mjadala. Ukisikiliza vizuri utaona watu wanachanganya maswali matatu: nani ajenge nyumba, nani aamue kodi, na nani atetee mpangaji akidhulumiwa. Mmoja akiuliza la tatu, mwingine anajibu la kwanza, na ukumbi unapiga makofi.

Kuhusu kujenga. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wote wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mzazi anayepata 40,000 anakatwa 600 kila mwezi. Wanaounga mkono wanasema nyumba zikiwa nyingi kodi itashuka yenyewe, na vijana watapata kazi za mjengo. Wanaopinga wanauliza kwa nini mtu akatwe lazima kwa nyumba ambayo huenda asipate. Zote ni hoja za maana. Lakini mpango huo kwa sehemu kubwa ni wa mtu kununua nyumba polepole. Fresha hanunui nyumba. Anataka chumba cha miezi minne, kisha likizo ndefu ambayo landlodi bado anataka alipie.

Kuhusu kodi, hapa ndipo watu wengi hawajui kitu. Kenya iko na sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, na iko na mahakama yake maalum ya kusikiza kesi za wapangaji. Hapo mwenye nyumba hawezi kukupandishia au kukufukuza vile anataka. Shida ni kwamba inalinda nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na tarehe ya kupimia hiyo kodi ni Januari 1, 1981. Hata wazazi wetu wengi walikuwa watoto! Niambie wewe ni bedsita gani ya Juja iko chini ya 2,500 leo.

Mwaka 2021 muswada ulipelekwa bungeni wa kuunganisha sheria za wapangaji ziwe moja. Uchaguzi wa 2022 ulifika kabla haujawa sheria. Wenye nyumba wana hoja yao: wengi walijenga kwa mkopo wa benki, na serikali ikibana kodi sana hakuna atakayejenga tena, halafu chumba kiadimike zaidi. Nakubali hilo kwa kiasi fulani. Lakini kurudisha dipoziti si kubana kodi. Ile pesa si ya landlodi, amewekewa tu.

Na kabla hujamfokea mbunge peke yake: Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao bora na usafi wa kuridhisha, na Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa sera ya nyumba huku kaunti zikipewa mipango na maendeleo, nyumba zikiwemo. Ploti ya orofa tano yenye choo kimoja kila orofa ilipitishwa na nani? Hilo ni swali la gavana na MCA, na sijawahi kusikia mtu akiwauliza kwenye mdahalo wa chuo.

Je, leo ukiwa juu ya 2,500 uko uchi kabisa? Hapana. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kama unalipa kila mwezi na hamkuweka muda, notisi isiwe chini ya mwezi mmoja. Ile ya "toka kesho" haisimami. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi 2021 na sasa iko miji kadhaa. Inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60.

Lakini utahitaji ushahidi, kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Piga picha za kuta, sinki na mlango siku unapoingia, umtumie keateka siku hiyo hiyo kwa WhatsApp. Andikeni hata kwa karatasi ya daftari: kodi ni ngapi, dipoziti ni ngapi, inarudi lini, nini kitakatwa. Lipa kwa simu, si mkononi. Na usitume hata mia kwa keja uliyoona kwa picha tu, hata ajenti akikwambia kuna watu watano wanaingoja.

Kama kuna mtu humu amepeleka kesi ya dipoziti Madai Madogo, atuambie hapa chini ilichukua siku ngapi.